Tovuti Isiwe Kikwazo Mbele ya Asiyeona: Watu Wenye Ulemavu na Haki ya Kupata Habari Mtandaoni

Mambo mengi ambayo zamani yalitangazwa kwa sauti baada ya Misa, yakabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji au yakasomwa redioni, sasa yamehamia mtandaoni. Kijana anayetafuta kazi serikalini hutuma maombi yake kwa njia ya mtandao. Mzazi hutazama humo matokeo ya mitihani ya mwanawe, na mwanafunzi anayehitaji mkopo wa elimu ya juu hujaza fomu humo humo. Mkulima wa kahawa wa Kyerwa na Karagwe husikia bei ya mnada kupitia simu ya jirani kabla karani wa chama cha msingi cha ushirika hajaitamka. Mama Kanisa naye hayuko nyuma: barua za kichungaji, ratiba za Misa, tarehe za semina za ndoa, matangazo ya kujiunga na seminari na shule zetu, yote hupatikana katika tovuti za majimbo na katika makundi ya simu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo.

Hata hapa Murongo, mpakani kabisa, mahali ambapo Mto Kagera unatutenganisha na ndugu zetu wa Kikagati nchini Uganda, habari za simu zinatangulia habari za mdomo. Hiyo ni neema, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kila mlango mpya unapofunguliwa, yafaa kuuliza ni nani anayeweza kuupita. Mtu asiyeona anasomaje tovuti? Kiziwi anapata nini katika video ya mahubiri? Mwenye uoni hafifu, au mtu ambaye mikono yake haimtii, anajazaje fomu yenye vitufe vidogo kama punje za mtama?

Katika makala haya tunapenda kuonesha kwamba kikwazo kikubwa mara nyingi hakimo katika macho wala masikio ya mtu huyo. Kimo katika namna ukurasa ulivyotengenezwa. Na kwa kuwa kimewekwa na mikono ya watu, mikono ya watu inaweza kukiondoa, tena kwa gharama ndogo sana. Kwa hiyo suala hili ni la haki kabla halijawa la huruma.

Ni watu wangapi, na sheria zinasema nini?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mtu mmoja kati ya kila sita duniani, wanaishi na ulemavu mkubwa. Nchini Tanzania, Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana aina fulani ya ulemavu. Tukichukulia kanisa lililojaa waamini 500 siku ya Dominika, kwa wastani huo ni zaidi ya watu 50. Kama hatuwaoni katika mabenchi, yafaa tujiulize wako wapi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006. Ibara yake ya 9 inazitaka nchi wanachama kuhakikisha kwamba watu wenye ulemavu wanayafikia majengo, barabara na usafiri sawasawa na wengine. Na katika ibara hiyo hiyo imetajwa teknolojia ya habari na mawasiliano, pamoja na intaneti. Kenya na Uganda ziliuridhia mkataba huu mwaka 2008, Tanzania ikauridhia mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge letu likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mwaka 2022 jirani zetu wa Kenya walikwenda hatua moja zaidi, wakazindua kiwango cha taifa cha ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA, yaani vipimo vinavyoonesha kama tovuti au programu inaweza kutumiwa na watu wote. Huko Ulaya, tangu tarehe 28 Juni 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya inayadai maduka ya mtandaoni, mabenki na huduma nyingine nyingi kutimiza masharti ya namna hiyo.

Hata hivyo, sheria peke yake haijafungua milango. Shirika la WebAIM la Marekani hukagua kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja zinazotembelewa sana duniani. Mwaka 2025 lilikuta asilimia 94.8 ya kurasa hizo zikiwa na angalau kosa moja linalomzuia mtu mwenye ulemavu. La kushangaza ni kwamba makosa yanayorudi mwaka hata mwaka ni yale yale machache: maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, fomu ambazo nafasi zake hazina majina, viungo vitupu, vitufe vitupu, na ukurasa usiotaja umeandikwa kwa lugha gani. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi kulirekebisha. Yanahitaji mtu aliyejua, akakumbuka.

Jinsi asiyeona anavyosoma ukurasa

Wapo wanaodhani kwamba asiyeona hana haja ya simu janja. Ukweli ni tofauti. Ipo programu inayoitwa kisoma skrini, ambayo hutamka kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye simu au kompyuta. Simu nyingi za Android zinazouzwa katika maduka yetu zinayo tayari ndani yake, kwa jina la TalkBack. Inasubiri tu kuwashwa katika sehemu ya mipangilio. Kwa kompyuta ipo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, na ambayo hutolewa bure kwa yeyote anayeihitaji.

Msikilizaji wa programu hii hasomi kama sisi tunaorusha jicho ukurasa mzima kwa mara moja. Yeye husikia neno moja baada ya jingine. Ili asilazimike kusikiliza kila kitu tangu mwanzo, huruka kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine, kama mtu anayepekua Misale akitafuta Dominika ya leo. Lakini kuruka huko kunawezekana tu iwapo aliyetengeneza ukurasa ameviweka vichwa hivyo kama vichwa vya habari halisi. Akikuza herufi tu na kuzikoza wino, jicho litaona kichwa, lakini programu itaona mstari kama mistari mingine. Vivyo hivyo kiungo kilichoandikwa “bonyeza hapa” hakimwambii kitu msikilizaji anayepitia orodha ya viungo. Atasikia “bonyeza hapa, bonyeza hapa, bonyeza hapa” bila kujua kipi kinampeleka kwenye ratiba ya Misa na kipi kwenye michango ya ujenzi.

Ndiyo maana muungano wa kimataifa unaosimamia viwango vya wavuti, W3C, ulitoa mwongozo wa ufikivu mwaka 1999, na umeendelea kuuboresha hadi toleo la 2.2 la Oktoba 2023. Mwongozo huo unasimama juu ya nguzo nne: kilichomo katika ukurasa kiweze kutambuliwa kwa mlango wa fahamu alionao mtu, vitufe na viungo viweze kutumika hata na mtu asiyeshika puku ya kompyuta, maneno na mpangilio vieleweke, na ukurasa uwe imara kiasi cha kusomeka na programu za aina mbalimbali.

Tangazo lililopigwa picha

Tukitafuta kosa moja lililoenea kuliko mengine katika mazingira yetu, tutalikuta katika matangazo yetu ya kila siku. Barua inachapwa kwenye kompyuta, inachapishwa kwenye karatasi, inatiwa sahihi na muhuri, halafu inapigwa picha kwa simu. Picha hiyo ndiyo inayowekwa kwenye tovuti na kusambazwa katika makundi. Kwa anayeona, muhuri unampa uhakika. Kwa asiyeona, programu yake itatamka neno moja, “picha”, au itasoma jina la faili lenye herufi na tarakimu zisizo na maana, kisha itanyamaza. Barua ya kurasa tatu imekuwa ukimya.

Hali ni ile ile kwa faili la PDF lililotokana na karatasi iliyopitishwa kwenye skana. Kwa nje linafanana na maandishi, kumbe ni picha ya maandishi. Haliwezi kusomwa kwa sauti, wala kutafutwa neno ndani yake, wala kugeuzwa kuwa nukta nundu. Mtoto asiyeona aliyesoma katika shule kama Mugeza Mseto mjini Bukoba amefundishwa kusoma kwa vidole; anaporudi kijijini akiwa mtu mzima, anakuta habari za Kanisa lake zimefungwa ndani ya picha. Elimu tuliyoshangilia alipoipata haimsaidii hapo.

Kosa hili lilikwisha kufika mbele ya sheria miaka mingi iliyopita. Kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000, Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, alilalamika kwamba hawezi kuitumia tovuti ya michezo hiyo, kwa sababu, pamoja na mengine, picha zake hazikuwa na maelezo ya maandishi. Kamati ya maandalizi ilijitetea kwamba marekebisho yangechukua muda na fedha nyingi. Tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo haikushawishika na utetezi huo. Iliamuru marekebisho yafanyike, na yalipokosa kukamilika, kamati ikaamriwa kumlipa mlalamikaji dola za Australia 20,000. Tangu siku hizo jambo hili halikuweza tena kuhesabiwa kuwa suala la ufundi tu.

Dawa yake ni nyepesi. Barua ilikuwa tayari ni maandishi kwenye kompyuta ya katibu. Yawekwe maandishi hayo kwenye ukurasa, na picha yenye muhuri iwekwe chini yake kwa anayeitaka. Picha ya tukio, kwa mfano Kipaimara, iandikiwe sentensi moja inayosema kilichomo: nani anaonekana, wapi, na anafanya nini. Hapo asiyeona atakuwa amehudhuria kwa sehemu yake.

Nasi wa mpakani tuna sababu ya ziada ya kulipenda jambo hili. Katika maeneo ambayo mtandao hushika na kuachia, ambapo kifurushi cha intaneti ni gharama na simu nyingi ni za bei ya chini, picha moja ya barua inaweza kuwa na uzito mara mia na zaidi ya maandishi yale yale. Ukurasa uliotengenezwa kwa kumfikiria asiyeona hufunguka haraka hata kwa bibi anayeona vizuri lakini amebakiwa na salio la shilingi mia mbili.

Kiswahili kinaposomwa kwa matamshi ya Kiingereza

Kati ya makosa yaliyotajwa hapo juu, moja linatugusa sisi Waswahili kwa namna ya pekee. Kila ukurasa wa wavuti hubeba ndani yake tamko dogo linaloiambia programu lugha iliyotumika. Kwa Kiswahili tamko hilo ni herufi mbili tu: sw. Wengi hununua au hupakua kiolezo cha tovuti kilichotengenezwa ng’ambo, wakajaza habari zao za Kiswahili, na kuliacha tamko la Kiingereza kama lilivyokuwa.

Anayeona hatajua kamwe, kwa sababu maandishi yanabaki yale yale. Anayesikiliza ndiye atakayeteseka. Programu hutii tamko, na kuanza kusoma Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza. Neno “pole” linakuwa “poul”, “wale” linakuwa “weil”, “mate” linakuwa “meit”. Somo la Injili lililotafsiriwa kwa uangalifu mkubwa linageuka kelele. Nayo sauti ya Kiswahili ipo: programu huria ya eSpeak NG, inayokuja pamoja na NVDA, inakijua Kiswahili. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika herufi mbili mahali pake.

Tunajivunia kwamba Kiswahili ni lugha ya Afrika Mashariki na kwamba Redio Vatikani yenyewe inakitangaza. Fahari hiyo inapaswa kufika hadi sehemu hii ndogo isiyoonekana ya ukurasa, maana hapo ndipo ndugu yetu anapojua kama tumeandika kwa ajili yake.

Kiziwi, mwenye ualbino, na asiyetumia mikono

Tukisema ulemavu, tusimfikirie asiyeona peke yake. Video ya mahubiri isiyo na maandishi chini yake ni kama padre anayefungua kinywa bila sauti. Njia iliyo ndani ya uwezo wetu ni kuweka maandishi ya mahubiri pamoja na video, kwa Kiswahili chepesi chenye sentensi fupi, kwa kuwa kwa viziwi wengi Lugha ya Alama ndiyo lugha ya kwanza na Kiswahili cha maandishi ni cha kujifunza shuleni. Na kwa wale ambao hawakubahatika kufika shule, hata maandishi hayatoshi; wanahitaji mkalimani wa Lugha ya Alama. Hapo tovuti inakiri mpaka wake, na jumuiya inaitwa kufanya kile ambacho mashine haiwezi.

Wenye ualbino wengi wana uoni hafifu na huumizwa na mwanga mkali. Wao wanahitaji herufi zinazoweza kukuzwa bila ukurasa kuvurugika, na rangi zinazotofautiana waziwazi: mwongozo wa W3C unadai maandishi ya kawaida yazidi rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Hili linawahusu hasa watengenezaji wa kurasa za Kikatoliki, wanaopenda njano na nyeupe, rangi za bendera ya Vatikani. Juu ya mlingoti rangi hizo zinapendeza. Lakini maandishi ya njano juu ya nyeupe ni vigumu kusomeka hata na mwenye macho mazima. Mkoa wetu wa Kagera, ambao mwaka 2024 ulimlilia mtoto mdogo mwenye ualbino aliyeuawa wilayani Muleba, una deni la kuonesha kwa matendo makubwa na madogo kwamba maisha na utu wa ndugu hawa ni wa thamani isiyopimika.

Kwa asiyeweza kutumia mikono yake vema, vitufe viwe vikubwa na vitengane, fomu isimfungie muda kabla hajamaliza, na kila kitu kiweze kufanyika kwa kibodi pekee. Mzee anayetetemeka mikono atafaidika na hayo hayo, na kila mmoja wetu yuko safarini kuelekea uzee.

“Si atasomewa?”

Tukieleza hayo, jibu tunalolisikia mara nyingi ni hili: familia zetu za Kiafrika zina upendo, asiyeona hatakosa mjukuu wa kumsomea. Ni jibu lenye wema ndani yake, na kusomeana ni tunu tusiyotaka kuipoteza. Lakini tulipime.

Tumfikirie mkulima wa kahawa asiyeona. Katika misimu ya karibuni minada ya kahawa mkoani mwetu imekuwa ikiendeshwa kwa njia ya mtandao, na bei zake husambaa kwa simu. Wote tunaijua butura, ule ununuzi wa kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya mwenye shida. Silaha ya kwanza ya mkulima dhidi ya butura ni kuijua bei. Kama bei imefungwa ndani ya picha, na anayemsomea ndiye huyo huyo anayetaka kununua, au ni rafiki wa mnunuzi, mkulima huyu ana ulinzi gani? Tumfikirie pia mama asiyeona anayepokea fedha kwa simu na kulazimika kumtajia mtu mwingine namba yake ya siri. Au kijana kiziwi anayetaka kujua habari za afya yake bila kijiji kizima kujua. Kuna mambo ambayo mwanadamu ana haki ya kuyasoma peke yake. Kanisa, ambalo limeilinda siri ya kitubio kwa karne nyingi, linaelewa vizuri jinsi siri ya mtu ilivyo sehemu ya utu wake.

Injili ya Marko, katika sura ya pili, inatusimulia juu ya mtu aliyepooza ambaye watu wanne walimbeba hadi nyumba aliyokuwamo Yesu. Mlango ulikuwa umezibwa na umati, nao wakalazimika kutoboa dari. Kwa kawaida tunawasifu wale wanne, na kwa haki, kwa kuwa Bwana mwenyewe aliiona imani yao. Lakini tuutazame pia ule umati uliojaa mlangoni. Hawakuwa watu wabaya. Walikuja kusikiliza Neno. Hakuna aliyegeuka nyuma kuona kwamba amesimama katika njia ya mwingine. Aliyepooza aliingia kwa sababu alikuwa na marafiki wanne wenye nguvu. Yule asiye na marafiki wanne angebaki nje, hata kama imani yake ingekuwa kubwa. Mjukuu anayemsomea babu yake ni mmoja wa wale wanne. Anayetengeneza ukurasa vizuri ndiye anayesogea ili mlango uwe wazi.

Pingamizi la pili ni la gharama, na tumekwisha kulijibu kwa sehemu: kuandika badala ya kupiga picha, kutaja lugha, kuelezea picha, kukoza rangi, haya hayanunuliwi. Pingamizi la tatu ni kwamba watu wenye ulemavu walio mtandaoni ni wachache. Lakini nani angeendelea kurudi dukani ambako hajawahi kupata anachokitafuta? Uchache wao kwa sehemu ni tunda la kurasa zilizowafungia.

Mama Kanisa anafundisha nini?

Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, kinaweka katika aya moja, ya 14, makatazo mawili: kumlaani kiziwi, na kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Tuzingatie kwamba kikwazo kinachozungumziwa kimewekwa na mtu. Torati haikulaumu upofu. Ilimlaumu anayeweka jiwe njiani. Na sababu inayotolewa ni hofu ya Mungu: kiziwi hatakusikia na kipofu hatakuona, lakini Mungu anasikia na kuona.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari, Inter Mirifica, ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitambua kwamba wanajamii wana haki ya kupata habari kwa kadiri ya hali zao. Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati mbili kwa pamoja, moja kuhusu Kanisa na intaneti, nyingine kuhusu maadili katika intaneti, likionya juu ya pengo kati ya wanaofikiwa na teknolojia hiyo na wanaoachwa nje. Kunako tarehe 3 Oktoba 2020, Baba Mtakatifu Fransisko katika waraka wake Fratelli tutti, aya ya 98, aliwataja watu wenye ulemavu wanaoishi kama wageni waliofichwa ndani ya jamii zao wenyewe, akatukumbusha kwamba lengo si kuwatunza tu, bali kushiriki kwao kikamilifu katika jamii na katika Kanisa.

Historia ya Kanisa nayo ina mifano ya kutuelekeza. Padre Charles-Michel de l’Épée wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1712 na kufariki dunia mwaka 1789, alikutana mjini Paris na dada wawili viziwi. Alipotaka kuwafundisha imani, alianza yeye kujifunza ishara walizokuwa wakitumia viziwi, na kutokana na hizo akajenga shule iliyofungua njia ya elimu ya viziwi katika nchi nyingi. Vivyo hivyo Bwana wetu, alipoletewa Bartimayo huko Yeriko, hakudhani anajua haja yake. Alimwuliza kwanza anataka atendewe nini.

Parokia ianzie wapi?

Kazi hii haihitaji kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Vijana wa VIWAWA na TYCS wanaotunza kurasa na makundi ya parokia wanaweza kuianza wiki hii.

Kwanza, kila tangazo litumwe kama maandishi. Picha yenye muhuri ifuate kama nyongeza. Pili, kila picha inayowekwa kwenye tovuti iandikiwe maelezo ya sentensi moja, na video iwe na maandishi yake. Tatu, mtunzaji wa tovuti athibitishe kwamba ukurasa umetamkwa kuwa wa Kiswahili, kwamba vichwa vya habari ni vichwa halisi, na kwamba maandishi yanaonekana juani. Nne, afanye jaribio: awashe TalkBack kwenye simu yake, afumbe macho, na ajaribu kuipata saa ya Misa ya pili ya Dominika. Akishindwa yeye aliyeitengeneza, basi ajue hali ya mwingine.

Tano, na hili ndilo kubwa, katika kila parokia atafutwe mwamini mwenye ulemavu anayetumia simu, aombwe kuipitia tovuti na kusema wazi panapomzuia. Asiitwe kama mpokea msaada. Aitwe kama mshauri, na ajira ya muda wake iheshimiwe. Pale ambapo hapatikani, viongozi wa jumuiya na WAWATA, wanaotembelea nyumba kwa nyumba, wanajua ni nyumba ipi ina mtu ambaye hatoki nje. Vyama vya wenye ulemavu, chini ya shirikisho lao la SHIVYAWATA, navyo vina uzoefu wa kutufundisha.

Tukumbuke pia kwamba tovuti haichukui nafasi ya redio, ya tangazo la mdomo, wala ya miguu ya katekista. Mwenye ulemavu asiye na simu hatafikiwa na ukurasa wowote hata ukiwa mzuri kiasi gani. Njia zote ziende pamoja.

Tarehe 3 Desemba kila mwaka dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, na siku hiyo daima huangukia katika Majilio, kipindi ambacho liturujia hutualika kumtengenezea Bwana njia na kuyasawazisha mapito yake. Parokia itakayofika siku hiyo ikiwa imeyageuza matangazo yake kuwa maandishi yanayosomeka na kusikika, itakuwa imesawazisha pito moja, na ndugu zetu watalipita.